NYUMBA YA WAZAZI KANDO YA HOSPITALI

Hotuba juu ya malazi ya jamaa za watoto walio wagonjwa sana katika pwani ya Kilifi na Malindi



Mtoto augulapo sana, watu hufikiri kwanza habari za daktari, dawa na kitanda. Mambo hayo matatu ni ya lazima, wala hapana mwenye akili atakayeyabishia. Lakini liko jambo la nne ambalo husahauliwa mara nyingi, ingawa bila hilo yale matatu huweza kupotea bure. Jambo lenyewe ni hili: mama wa mtoto huyo atalala wapi? Atapika wapi? Atafua nguo wapi? Na daktari akisema, "Mtoto amepata nafuu, lakini arudi hapa baada ya siku kumi," mama ambaye kwao ni mbali aende wapi kwa siku hizo kumi?

Hotuba hii yahusu nyumba za hisani ambazo hujengwa karibu na hospitali ili wazazi wa watoto wagonjwa wapate pa kukaa mpaka matibabu yaishe. Nyumba za namna hiyo ziko Marekani na Ulaya, na ziko pia Dar es Salaam na Kampala. Ni vema watu wa pwani ya Kilifi na Malindi wajue zilianzaje, zafanya kazi gani, na kwa nini mji wenye hospitali usio na nyumba hiyo huwa kama jahazi zuri lisilo na nanga.

SAFARI YA MGONJWA

Kaunti ya Kilifi ni nchi ndefu. Yaanza kusini karibu na mkono wa bahari wa Mtwapa, yapita Vipingo, Takaungu, Kilifi mjini, Gede, Watamu na Malindi, kisha yavuka mto Sabaki kwenda Mambrui, Gongoni na mbele yake. Anayekaa kando ya bahari anayo njia kuu ya lami. Zamani hata njia hiyo ilikatika pale Kilifi, na magari yalingoja pantoni, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Lakini watu wengi hawakai kando ya bahari. Wako Ganze, Bamba, Vitengeni, Marafa, Garashi na Baricho, katika nchi kavu ya mbuzi na mahindi, ambako gari hupita kwa nadra, na mvua ikinyesha njia huwa matope.

Hospitali za kulaza wagonjwa wengi ziko Kilifi, Malindi na Mariakani. Ugonjwa ukizidi nguvu zake, mgonjwa hupelekwa Mombasa, kwenye hospitali kuu ya rufani ya Pwani. Toka Malindi hata Mombasa ni karibu kilomita 120. Na kama Mombasa nako hapatoshi, hupelekwa Nairobi, ambayo ni karibu kilomita 480 zaidi. Kwa mtu wa Marafa, Nairobi ni nchi ya mbali, ambako hamjui mtu, wala baridi yake hajaizoea.

Basi kila hatua ya safari hiyo yaongeza mambo mawili pamoja: yaongeza ustadi wa daktari, na yaongeza umbali wa nyumbani. Mtoto hukaribia dawa, na mama yake huwa mbali na jiko lake, mbali na shamba lake, na mbali na watoto wake wengine. Hesabu ya dawa huandikwa katika karatasi ya hospitali. Hesabu ya umbali haiandikwi popote.

MFANO WA MAMA MMOJA

Ili jambo hili lifahamike, na uchukuliwe mfano. Mfano huu si habari ya mtu fulani, bali ni wa mambo ambayo huwapata wengi.

Mama mmoja akaa mbali kupita Marafa. Mwanawe wa kiume wa miaka sita amevimba taya. Mwanzo walidhani ni jino. Walijaribu dawa za miti, kisha duka la dawa, na baada ya majuma matatu uvimbe umekuwa kama yai la bata na meno yalegea. Wanakwenda Malindi, na kutoka hapo wanatumwa mbele. Huko wanaambiwa ni saratani ya namna ambayo huitwa uvimbe wa Burkitt.

Mama huyo alipoondoka nyumbani, mavyaa wake alimwambia, "Mwanangu, nenda. Watoto na mbuzi nitawatazama mimi. Lakini ufanye hima urudi kabla ya mvua, maana mikono yangu haishiki jembe tena." Naye akajibu, "Nimesikia, mama."

Mtoto anatiwa dawa katika mshipa. Ugonjwa huu una ajabu yake: ingawa uvimbe hukua upesi kuliko karibu kila saratani nyingine ya wanadamu, dawa ikiupata huyeyuka upesi vilevile. Baada ya siku chache taya limepungua, na mtoto ataka kula na kucheza. Daktari anasema, "Sasa tunangoja majuma mawili au matatu, damu yake ipate nguvu, halafu atapata dawa ya pili. Baadaye ya tatu, na ya nne, na zaidi ikihitajika." Kitanda kinatakiwa kwa mtoto mwingine aliye taabani. Mama anaruhusiwa kutoka.

Aende wapi? Nauli ya kwenda nyumbani na kurudi ni fedha za mbuzi mzima, naye mbuzi mmoja amekwisha uzwa. Anao jamaa mjini, shemeji wa binamu yake, anayekaa chumba kimoja na watoto wanne. Anapokewa vizuri. Lakini Waswahili walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya sita hapana anayemfukuza, ila mwenyewe aona uji wa watoto wa mwenyeji wapungua kwa sababu yake. Siku ya nane anapata salamu kutoka nyumbani: mvua imenyesha, na mdogo ana homa. Anamtazama mwanawe. Uvimbe haupo. Anajiambia, "Amepona." Anapanda gari la Marafa.

Baada ya miezi miwili uvimbe umerudi, na safari hii umeingia tumboni, nayo dawa ile ya kwanza haina tena nguvu kama mwanzo.

Nani wa kulaumiwa? Mama hakuwa mjinga wala mvivu. Alipima mambo mawili kwa mizani aliyokuwa nayo, na mizani hiyo ilikosa jiwe moja, yaani pahali pa kulala.

KUACHA MATIBABU

Madaktari wana jina kwa jambo hilo. Huliita kuacha matibabu, na wamelipima. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema ya kwamba kila mwaka watoto na vijana karibu 400,000 duniani hupata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi zenye mapato madogo hupona chini ya 30 katika kila 100. Sababu ni nyingi: ugonjwa kutambuliwa umechelewa, dawa kukosekana, wauguzi kuwa wachache. Lakini kuacha matibabu kabla ya kwisha ni moja ya sababu zilizo kubwa. Huko Eldoret, katika hospitali kuu ya rufani, walifanya hesabu ya watoto waliotambuliwa kuwa na saratani kati ya mwaka 2007 na 2009, wakaona ya kwamba zaidi ya nusu waliacha matibabu, na waliokuwa hawana bima waliacha zaidi kuliko waliokuwa nayo.

Shirika hilohilo mwaka 2018 liliweka shabaha ya kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau 60 katika kila watoto 100 wenye saratani wapone. Shabaha hiyo haiwezi kupatikana kwa dawa peke yake. Dawa iliyo katika kabati la Mombasa haimponyi mtoto aliye Marafa.

Yafaa pia kukumbuka jambo jingine la hatari. Dawa za saratani hupunguza nguvu za damu za kupigana na vijidudu. Mtoto aliyetiwa dawa akipata homa, homa hiyo si ya kungoja kesho. Yampasa afike hospitali kwa saa chache tu. Akiwa mwendo wa robo saa kutoka wodini, aweza kuokoka. Akiwa ng'ambo ya Sabaki usiku, na gari hakuna, mambo huwa mengine.

SI SARATANI PEKE YAKE

Huenda mtu akasema kwamba saratani ya watoto ni nadra, na kwamba si haki kujenga nyumba kwa ajili ya wachache. Lakini watakaoitumia nyumba hiyo si hao tu.

Wako watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Mtoto wa namna hiyo huweza kukaa katika chumba cha watoto wachanga kwa majuma mengi, na mama yake mwenyewe amekwisha ruhusiwa kutoka kwa kuwa yeye haumwi. Lakini mtoto ahitaji maziwa yake kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Tena mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto wadogo sana waliowekwa kifuani mwa mama zao mara tu baada ya kuzaliwa, ngozi kwa ngozi, walikufa wachache kwa robo kuliko wale waliotengwa kwanza mpaka wapate nguvu. Basi kifua cha mama ni dawa. Na dawa hiyo hulala wapi usiku? Aghalabu hulala juu ya benchi.

Wako pia watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ulio mwingi katika watu wa pwani hii, kwa kuwa asili yake imefungamana na malaria. Mtoto mwenye ugonjwa huo hulazwa mara kwa mara. Wako watoto waliodhoofika kwa njaa na maradhi, ambao hulishwa kidogo kidogo kwa siku nyingi mpaka mwili ukubali chakula. Wako waliochomwa moto, waliovunjika, na wenye ugonjwa wa moyo wanaongoja zamu ya kupasuliwa.

Hapa yafaa kutaja mambo yaliyoonekana Kilifi penyewe. Tangu mwaka 1989 wachunguzi wa KEMRI pamoja na wenzao wa Wellcome Trust wamefanya kazi kando ya hospitali ya Kilifi, na habari za watoto waliolazwa humo zimeandikwa kwa uangalifu ambao ni nadra katika Afrika. Chanjo ya vijidudu vya Hib ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2001, magonjwa makali ya vijidudu hivyo kwa watoto wa Kilifi yalipungua kwa zaidi ya nane katika kumi kwa muda wa miaka michache. Chanjo nyingine ya kuzuia kichomi ilifuata mwaka 2011. Malaria pia ilipungua sana wodini kuliko ilivyokuwa zamani, ingawa haijaisha.

Habari hizo ni za furaha. Lakini zina maana ambayo watu hawajaifikiri sana. Magonjwa yanayopungua ni yale ya haraka, ambayo mtoto huletwa leo, akapona au akafa kwa juma moja. Magonjwa marefu hayapungui kwa chanjo hizo. Kadiri watoto wengi wanavyookoka na homa za haraka, ndivyo hesabu ya wale wanaohitaji kutibiwa kwa miezi inavyozidi kuonekana. Hospitali iliyojengwa kwa ajili ya ugonjwa wa siku saba yakutana sasa na ugonjwa wa miezi saba. Mkeka uliotandikwa chini ya kitanda wamtosha mama kwa siku saba, lakini kwa miezi saba humvunja.

NYUMBA HIZI ZILIANZAJE

Zamani katika nchi nyingi za Ulaya mama hakuruhusiwa kukaa na mtoto hospitali. Alimleta mlangoni, akampa muuguzi, akaambiwa aje kutazama Jumapili. Walidhani ya kwamba mama huleta vijidudu na kumliza mtoto. Daktari James Spence wa Newcastle, Uingereza, alikuwa mmoja wa waliopinga desturi hiyo. Katika miaka ya 1920 alianza kuwalaza mama pamoja na watoto wao, ili wawanyonyeshe na kuwatunza wenyewe. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyekaa hospitali siku nane bila mama yake kukaa naye, na wengi waliona kwa mara ya kwanza ya kwamba mtoto anyamazaye si lazima awe ametulia, huenda amekata tamaa. Mwaka 1959 halmashauri moja ya Serikali ya Uingereza ilitoa shauri kwamba wazazi wapewe ruhusa ya kuwatazama watoto wao wakati wowote, na mama wa watoto wadogo wapewe pa kulala.

Mama wa Pwani angeweza kuwafundisha hayo bila filamu. Kwake kumwacha mtoto mgonjwa peke yake halikuwa jambo la kufikirika.

Nyumba ya kwanza ya namna hii iliyopata sifa duniani ilifunguliwa Philadelphia, Marekani, tarehe 15 Oktoba 1974. Asili yake ilikuwa watu wawili. Mmoja alikuwa Daktari Audrey Evans, mwanamke aliyetibu watoto wenye saratani, ambaye aliona wazazi wakilala juu ya viti na katika motokaa zao. Wa pili alikuwa Fred Hill, mchezaji wa mpira wa timu ya Eagles, ambaye binti yake Kim aliugua saratani ya damu. Wachezaji wenziwe walichanga fedha, na wenye mikahawa ya McDonald's wakachangia kwa kuuza kinywaji cha maziwa, ndiyo sababu nyumba hiyo iliitwa kwa jina la Ronald McDonald. Leo ziko nyumba mamia za jina hilo katika nchi nyingi.

Yafaa kuangalia ya kwamba kazi hiyo haikuanzishwa na tajiri mkubwa wala na Serikali. Ilianzishwa na daktari aliyekuwa na macho ya kuona, na mzazi aliyeonja uchungu wenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

DAR ES SALAAM NA KAMPALA

Wasikilizaji wasidhani ya kwamba jambo hili ni la Wazungu tu. Katika hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, chama cha Tumaini la Maisha, kilichoongozwa na Daktari Trish Scanlan, mwanamke wa Ireland, hushirikiana na hospitali kuwatibu watoto wenye saratani bila malipo. Watoto hutoka Kigoma, Mwanza, Mtwara na kila upande wa Tanzania, na wale wa mbali hupewa malazi pamoja na mzazi wao. Watoto wanaopata nafuu husomeshwa, wasije wakarudi darasani wamesahau kusoma.

Kampala nayo ni mji wenye historia kubwa katika jambo hili. Ni huko Mulago mwaka 1957 ambako Daktari Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, akaanza kuuchunguza ugonjwa ambao leo waitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 alifunga safari kwa motokaa pamoja na wenzake wawili, maili kama 10,000 kwa majuma kumi, wakiuliza katika kila hospitali kama ugonjwa huo umeonekana. Wakatambua ya kwamba huwapata zaidi watoto wa nchi za joto na mvua zilizo chini, yaani nchi za malaria kama pwani hii. Mwaka 1967 kilianzishwa kituo ambacho leo ni taasisi kuu ya saratani ya Uganda. Kando ya kituo hicho, miaka mingi baadaye, Waganda wenyewe walianzisha chama cha Bless a Child, ambacho huwapa watoto na walezi wao nyumba ya kukaa, chakula, na gari la kuwapeleka kwenye matibabu.

Kama Kampala na Dar es Salaam zimeweza, Kilifi, Malindi na Mombasa zaweza pia.

NYUMBA IFAAYO PWANI

Nyumba ya namna hii haihitaji fahari. Yahitaji mambo machache yaliyo sawasawa.

Kwanza, iwe karibu. Mama aweze kwenda wodini kwa miguu, mchana na usiku, bila kulipa nauli na bila kuogopa njia. Nyumba nzuri iliyo mbali ni safari nyingine tu.

Pili, iwe safi na isiwe na msongamano. Chumba kimoja kwa mzazi na mtoto, au wazazi wawili kwa uchache, madirisha ya kupitisha upepo wa bahari, na chandarua kwa kila kitanda. Mtoto mwenye damu dhaifu asilale karibu na mwenye kifua. Kuta za mawe na sakafu ya saruji yafaa, maana huoshwa kwa urahisi.

Tatu, pawe na jiko. Jambo hili ni kubwa kuliko lionekanavyo. Mama anayeweza kumsongea mwanawe sima na kumchemshia mchicha na samaki kwa mkono wake mwenyewe si maskini wa kupokea tu, bali bado ni mama. Na mtoto aliyekataa chakula cha hospitali mara nyingi hukubali kile anachokijua.

Nne, pawe na maji mengi, vyoo safi, na kamba za kuanika nguo.

Tano, pawe na msimamizi mwenye moyo wa huruma na mkono imara, anayejua Kiswahili na Kigiriama, aliye na simu, na anayejua dalili za hatari. Yeye ndiye atakayemwamsha daktari usiku. Yeye pia aandike katika daftari siku ambayo kila mtoto atakiwa kurudi kupewa dawa, na asipoonekana, atume habari mpaka kijijini kwao.

Sita, pawe na baraza yenye kivuli. Wazazi watakapokaa hapo jioni, mama wa Bamba atamwambia mama wa Mambrui, "Dada, hata wangu alitapika hivyo baada ya dawa ya pili. Ngoja siku tatu." Maneno hayo huwa na nguvu ambayo daktari mwenyewe hana, kwa kuwa yametoka kwa mtu aliyepita njia hiyo hiyo.

Saba, baba asisahauliwe. Ni desturi kudhani ya kwamba kuuguza ni kazi ya wanawake. Lakini baba anayefanya kazi Mombasa akipata pa kulala usiku mmoja karibu na mwanawe, atajua ukweli wa ugonjwa kwa masikio yake, wala hatasema nyumbani ya kwamba fedha zaliwa bure. Na bibi mzaa baba, ambaye Wagiriama humwita hawe, naye apewe ruhusa ya kuja. Mara nyingi yeye ndiye mwenye neno la mwisho kama mtoto atabaki hospitali au ataondolewa.

MASHAKA YA WATU

Wako wenye mashaka, na haifai kuyadharau.

Wa kwanza husema, "Watu watakuja kukaa bure, wasiondoke." Jawabu lake ni sheria zilizo wazi. Anayepokewa awe na barua ya hospitali yenye jina la mtoto na siku za matibabu. Siku zikiisha, nafasi yake hupewa mwingine. Mwenye uwezo achangie kidogo, na asiye na uwezo afagie, ateke maji, au asaidie jikoni. Mtu aliyetoa jasho lake haoni haya kula.

Wa pili husema, "Hiyo ni kazi ya Serikali." Ni kweli ya kwamba afya ni wajibu wa Serikali, na tangu mwaka 2013 hospitali nyingi ziko chini ya serikali za kaunti. Bima mpya ya SHA iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024 yatakiwa kusaidia malipo ya matibabu. Lakini malipo ya daktari si malipo ya nauli, wala si sufuria ya sima. Serikali na itoe kiwanja, maji na ulinzi, na watu watoe yaliyobaki. Mambo hayo mawili hayagombani.

Wa tatu husema, "Fedha za hisani huliwa." Mashaka haya yana haki, maana yamewahi kutokea mahali pengi. Dawa yake ni hesabu zisomwe mbele ya watu kila mwaka na zikaguliwe na mtu wa nje. Tena halmashauri iwe na watu wa namna mbalimbali: mzee wa msikiti, mchungaji, muuguzi, mfanya biashara, na zaidi ya hao wazazi wawili ambao watoto wao walipata kutibiwa. Mzazi aliyelala juu ya benchi hatakubali shilingi ya kitanda ipotee.

Wa nne hunena kwa sauti ya chini, "Wengine watakufa hata hivyo." Ni kweli. Wako watoto ambao hawatapona, na ni lazima jambo hili lisemwe bila kuficha. Lakini hata mtoto ambaye hataishi ana haki ya kufa akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Na mama huyo ana haki ya kukumbuka siku hizo bila kujiuliza usiku kucha, kwa miaka yote iliyobaki, kama alikuwa mbali wakati alipoitwa.

MALI IKO PWANI

Desturi ya kutoa si ngeni katika pwani hii. Waislamu wana zaka, sadaka na wakfu, na ziko nyumba na mashamba yaliyowekwa wakfu tangu zamani kwa faida ya watu. Wakristo wana sadaka zao na vyama vya akina mama. Wamijikenda hawajasahau kulima shamba la mgonjwa kwa mikono ya majirani. Na tangu uhuru wa mwaka 1963 neno harambee limejenga shule na zahanati zisizohesabika.

Kila mtu na atoe kile alicho nacho. Mvuvi wa Watamu aweza kutoa samaki siku moja kwa juma. Mwenye mnazi aweza kutoa nazi. Mwenye hoteli Malindi, anapobadili magodoro na mashuka yaliyo bado mazuri, asiyatupe. Fundi wa mbao aweza kutengeneza kitanda kimoja kila mwaka. Mwenye matatu ya Mombasa aweza kumbeba bila nauli mtoto mwenye barua ya hospitali. Mwalimu aliyestaafu aweza kuwasomesha watoto saa mbili jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

Na jirani wa nyumbani anayo kazi yake, ambayo haigharimu fedha. Yule mama wa Marafa hakurudi kwa sababu ya kitanda tu. Alirudi kwa sababu ya mvua na homa ya mdogo. Kama majirani wangalimlimia shamba lile kwa siku mbili, na mmoja wao akampeleka mdogo kwenye zahanati, salamu ambayo ingalimfikia mjini ni hii: "Kaa, usiwe na wasiwasi. Huku tuko." Nyumba ya hospitali yahitaji nyumba nyingine nyuma yake, nayo ni kijiji.

Wazee walisema ya kwamba mkono mmoja haulei mwana. Hospitali ni mkono mmoja, nao umefanya kazi kubwa. Mkono wa pili ni wa watu. Siku ile mama wa mbali atakapouliza, "Daktari, sasa niende wapi?" na muuguzi akaweza kumwonyesha kwa kidole nyumba iliyo ng'ambo ya njia, yenye taa iwakayo na moshi wa jikoni, hapo mtoto wake atakuwa amepata dawa ya nne, nazo zile tatu hazitapotea.